Kila Chuma na Jino Lake

Hotuba ya Katibu wa Chama kwa wanaushirika na wanakisomo, iliyosemwa mbele ya karakana ya ushirika wetu hapa Lufingo. Imeandikwa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.



Nimepewa dakika kumi. Zikipita Mwenyekiti atanivuta koti. Lakini naomba mnivumilie, kwa kuwa jambo lenyewe limetugharimu fedha ya ushirika, na nusura litugharimu jicho la mtoto wetu.

Naanza na kosa langu mimi, maana siyo vizuri Katibu kusimama hapa kuwasema vijana wakati yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kuharibu. Mnakumbuka kwamba umeme ulipofika karakanani mkutano mkuu ulikubali tununue grenda ya mkono, na ile nyingine nyembamba inayoshikwa kama tochi, ambayo mbele yake inaingizwa tupa ndogo za kuzunguka. Mimi nikapewa fedha, nikaenda Mbeya. Dukani nikaonyeshwa kisanduku chenye tupa hizo kumi, za kabaidi, zinang'aa kama pete za harusi. Nyingine kichwa chake duara kama punje ya njegere, nyingine kimechongoka kama ncha ya mkuki, nyingine kimenyooka kama kipande cha penseli. Muuzaji akaniuliza vizuri tu, "Mzee, ni za kazi gani?" Nikajibu, "Za chuma." Akafunga, nikalipa, nikapanda gari nikarudi Tukuyu nimefurahi.

Jibu lile ndilo lililotuponza. Kazi ya kwanza iliyokuja ilikuwa keni ya maziwa ya mama mmoja, imepasuka ufa karibu na kitako, na ilitakiwa tupanue ule ufa kidogo ili fundi wa kuchomelea apate pa kujaza. Keni ile ni ya alumini. Kijana akawasha, akasukuma. Kabla hata chai haijachemka, meno ya tupa yalikuwa yamejaa alumini mpaka tupa ikawa laini kama jiwe la mtoni. Akaona haikati, akasukuma zaidi. Ikapata moto. Kichwa kikachomoka kwenye shina lake kikaruka kikagonga bati la ukuta, tukasikia mlio tu. Mpaka jioni tulikuwa tumeharibu tupa 3, na keni imechimbwa mashimo kama iliyong'atwa na panya. Thamani ya tupa zile ilikuwa sawa na maziwa ya wiki nzima ya nyumba moja. Na mama yule alikaa siku kadhaa akipeleka maziwa kwa kuazima chombo cha jirani.

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa tayari nina watoto wawili, katika darasa la kisomo kama hili la kwetu. Mwalimu alinifundisha herufi, nikashukuru, nikaja hata nikachaguliwa kuwa Katibu. Lakini pale dukani kwenye kisanduku kulikuwa na maandishi na picha, na mimi sikuyatazama. Nilijua kusoma na sikusoma. Baadaye Mwalimu aliponisaidia kupekua, tukakuta imechorwa pale pale aina ya meno na kazi yake.

Sasa niseme kabaidi ni nini, kwa sababu nilipotaja neno hili watu wawili waliniuliza kama ni ile ya kuivishia ndizi. Hapana. Ile ya kwenye debe, inayotoa gesi ikikutana na maji, ambayo mafundi wa gesi wanatumia kuchomelea, na ambayo wafanyabiashara wengine wasio na huruma wanaivishia ndizi, ni kabaidi ya kalsiamu. (Na hiyo, tuseme tukiwa hapa hapa, haifai kabisa kwenye ndizi za kula watu. Ina uchafu wa sumu ndani yake.) Hii ya kwenye tupa ni kabaidi ya tungsteni. Ni unga wa madini ya tungsteni yaliyounganishwa na kaboni, unachanganywa na kobalti ili ushikane, unakandamizwa, kisha unaokwa kwenye tanuri kwa joto la kama nyuzi 1,400. Wajerumani ndio walioitoa, hati yake iliandikishwa mwaka 1923, na kampuni ya Krupp ikaanza kuiuza miaka ya 1920 hiyo hiyo kwa jina la Widia, maana yake kwa lugha yao "kama almasi." Siyo almasi, lakini iko karibu. Inakwangua chuma kama kisu kinavyokwangua muhogo.

Ila kitu kigumu namna hiyo hakipindi. Kinavunjika. Tupa ya kabaidi ikidondoka sakafuni meno yake yanapukutika kama ya mzee. Na kile kichwa hakikuzaliwa pamoja na shina, kimechomelewa juu yake, kwa hiyo kikipata moto mwingi kiungo kinayeyuka kinaachia. Ndicho kilichotokea kwenye keni ya mama.

Basi kabla ya kuchagua jino, lazima ujue kitu ulichoshika mkononi. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Sisi kila kinachong'aa tunakiita chuma. Wazee wetu hawakuwa hivyo. Walinunua majembe kwa Wakinga, waliokuwa wakiyeyusha chuma huko Milima ya Livingstone na kuja kubadilisha na chakula kwetu, na mzee alikuwa akiligonga jembe kwa jiwe na kulisikiliza kabla hajatoa kitu chake. Waliofuata wakajua jembe la Ubungo, la kiwanda cha UFI, nalo wakaligonga vile vile. Sisi wa leo tunatazama rangi tu.

Vipimo vya kienyeji viko vinne, na vyote ni vya bure. Kwanza sumaku, na sumaku mnaipata kwenye spika ya redio iliyokufa. Ikishika, ni chuma cha namna fulani. Isiposhika na kitu ni chepesi mkononi, ni alumini. Isiposhika na kitu ni kizito na kinang'aa bila kutu, basi mara nyingi ni chuma kisichoshika kutu, kile mafundi wanachokiita stenlesi. Ikiwa nyekundu au njano, ni shaba. Pili tupa ya kawaida ya mkono. Ipitishe pembeni. Ikiuma, chuma hicho ni laini au cha wastani, kama nondo na bomba. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma hicho kimekomazwa kwa moto, usipoteze tupa yako, hapo ndipo kabaidi inapohitajika. Tatu uzito, nimekwisha kuusema. Nne cheche.

Cheche ndizo zinazonifurahisha mimi, na jioni nikipita karakanani husimama kuzitazama. Gusisha chuma kwenye jiwe la grenda kidogo tu, kwenye kivuli. Nondo na chuma laini kinatoa cheche ndefu za manjano zenye matawi machache. Panga, jembe zuri, faili kuukuu, vinatoa cheche zinazopasuka kama maua mengi, kwa sababu vina kaboni nyingi. Chuma cha kumimina kwenye kalibu, mafundi wanakiita kasti, kama mwili wa mashine ya kusaga mahindi, kinatoa cheche fupi za wekundu wekundu. Alumini haitoi cheche hata moja. Kwa hiyo usiipeleke huko ati kuijaribu, itakujazia jiwe.

Ukishajua, sasa uchague meno. Tupa hizi za kabaidi zina meno ya namna tatu kubwa. Namna ya kwanza meno yanakwenda upande mmoja, yamezunguka kichwa kama mistari ya parafujo. Hayo ni ya chuma na kasti, na yanaacha uso laini. Ubaya wake, yanatoa nyuzi ndefu za chuma, kali kama sindano. Namna ya pili meno yamekatizana, mistari ya huku na mistari ya kule, mpaka kichwa kinaonekana kama ngozi ya nanasi. Haya yanavunja vipande vidogo vidogo, hayarukiruki mkononi, yanakwenda haraka. Ni ya chuma, kasti, stenlesi, hata mti mgumu yanauma. Yale niliyonunua mimi yalikuwa haya yote kumi. Namna ya tatu meno ni machache, makubwa, na mfereji kati ya jino na jino ni mpana. Hayo ndiyo ya alumini, na shaba laini, na plastiki, na mbao. Mfereji mpana unatupa nje kile kilichokatwa. Alumini ni kama ugali mbichi, ukiipa nafasi ndogo inaganda.

Kwa hiyo mtu anayeuliza tupa nzuri ni ipi, swali lake halijakamilika, kama vile kuuliza mbegu nzuri ni ipi bila kusema ni ya mahindi au ya viazi. Kwa kitu laini, meno machache na mapana. Kwa kitu kigumu, meno mengi na madogo. Kwa alumini ongeza jambo moja: pakaza mshumaa kwenye tupa kabla ya kuanza, na urudie kila baada ya muda. Nta inazuia alumini kushika. Tumelijaribu wenyewe kwenye keni ya pili na lilifaa. Nta yote isafishwe kwa maji ya moto na sabuni kabla keni haijarudi kwa maziwa, na ndani ya keni palainishwe kabisa kwa msasa, kwa sababu kila mchirizi unaoachwa mle ndani maziwa yanajificha na kuchacha, halafu kituoni wanayakataa na mama anasema ng'ombe wake ana nuksi.

Kuhusu kasi. Tupa hizi zinataka mbio. Ukiifunga kwenye drili ya kawaida, inayozunguka mara 3,000 hivi kwa dakika, inarukaruka na kuvunja meno yake. Ile grenda nyembamba inakwenda mara 25,000 na zaidi, ndiyo kazi yake. Lakini kichwa kinavyokuwa kikubwa ndivyo kasi ipunguzwe, kwa hiyo kile cha milimita 12 kisikimbizwe sawa na cha milimita 6. Shina lizame ndani ya mdomo wa mashine, lisitokeze refu, maana shina refu likizunguka linapinda na kuchapa kama fimbo. Na usikandamize. Tupa iguse na kupita, iguse na kupita. Ukiona imebadilika rangi ikawa ya bluu, umekwisha kuiua.

Sasa nakuja kwenye grenda kubwa na mawe yake, na hapa naomba kule nyuma pawe kimya.

Kijana wetu, ninyi mnamfahamu, sitamtaja, yuko hapa na amenipa ruhusa niseme, ana kovu chini ya jicho. Upana wa kidole juu zaidi na leo tungekuwa tunasema habari nyingine. Alikuwa anakata bomba kwa ile grenda ndogo, ambayo jiwe lake ni la milimita 115. Mawe hayo yalikuwa yamekwisha. Palikuwa na jiwe la milimita 180 tuliloachiwa na fundi mpita njia. Tundu la katikati ni lile lile, milimita 22, kwa hiyo lilimwingia vizuri kabisa. Kilichokataa ni kile kikingio cha bati, naye akakifungua akakiweka pembeni. Jiwe likawaka, likakata vizuri kwa muda, kisha likapasuka.

Mwalimu wa kisomo alichukua vipande vyake, akavipanga mezani kama mkeka uliochanika, akatuonyesha. Pale juu pameandikwa mizunguko 8,500 kwa dakika, mwisho. Na ile grenda ndogo ubavuni pake pameandikwa 11,000. Hesabu iko hapo hapo, ya darasa la pili. Pia pameandikwa mita 80 kwa sekunde, yaani mwendo ambao ukingo wa jiwe haupaswi kuuzidi. Tukapiga hesabu ubaoni, mzunguko wa jiwe mara mizunguko yake, tukapata kwamba ukingo ulikuwa unakwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Hata zile 80 zilizoruhusiwa ni zaidi ya kilometa 280 kwa saa. Hakuna gari linalopita barabara yetu ya Kyela lenye mwendo huo, na wanakisomo walicheka, lakini kijana hakucheka.

Kwa hiyo namba ya jiwe iwe sawa au izidi namba ya grenda. Isipungue. Hili nalirudia kwa sababu linaua. Na kikingio hakifunguliwi.

Maandishi mengine juu ya jiwe ni haya, yaandikeni kwenye daftari. Herufi A ikitangulia, jiwe hilo limetengenezwa kwa oksidi ya alumini, nalo ni la kusaga na kukata chuma. Msichanganyikiwe na jina, siyo la kukatia alumini. Herufi C ikitangulia, ni kabaidi ya silikoni, la mawe, matofali, zege na vigae. Namba inayofuata herufi ni ukubwa wa punje, 24 ni punje kubwa za kula haraka, 60 ni ndogo za kulainisha. Kuna neno INOX, ambalo maana yake jiwe limetengenezwa maalumu kwa stenlesi, halina chuma ndani yake. Na kwenye pete ile ndogo ya bati katikati pamechapwa mwezi na mwaka. Hiyo ni tarehe ya mwisho wa kutumika. Mawe haya yameshikanishwa kwa gundi, na gundi inazeeka, hasa ikipata unyevu, nasi hapa Rungwe mvua tunazijua. Yanapewa miaka 3 tangu kutengenezwa. Niliyakuta mengine dukani yanauzwa nusu bei, nikatazama pete, mwaka ulikuwa umepita zamani. Safari hii nilisoma.

Jiwe jembamba la kukatia, la milimita 1 au 2, lisitumike kusaga kwa ubavu. Litapasuka. La kusagia ni lile nene la milimita 6 hivi. Vijana wanajua hili na bado wanafanya, kwa uvivu wa kufungua nati.

Stenlesi nimeitaja, nirudi hapo kidogo. Kuna mwanachama aliyesema ndoo yake ya maziwa ni feki kwa sababu ilitengenezwa mshikio hapa na baada ya wiki mbili ikashika kutu pale pale. Ndoo siyo feki. Sisi tulitumia jiwe lililokuwa limesaga nondo asubuhi, na vumbi la nondo likabaki limejipachika kwenye stenlesi, likaanza kutu lenyewe na kuipaka ndoo. Toka sasa jiwe la stenlesi litakuwa na alama ya rangi nyeupe, litatundikwa peke yake, na tupa ya kabaidi ya stenlesi vile vile. Yeyote atakayelichukua kukatia nondo nitamwandika ukutani hapa kwa herufi kubwa.

Sasa panga, jembe, na kisu cha kupogolea chai. Hizi ndizo kazi nyingi kuliko zote, na ndizo tunazoziharibu kimya kimya bila mtu kujua. Mtu analeta panga, kijana analipitisha kwenye grenda, cheche zinaruka, linatoka kali linanyoa nywele. Mwenye panga anafurahi. Baada ya siku mbili makali yamepinda kama karatasi. Anarudi, linanolewa tena, na mwisho wa mwaka panga limebaki kama kisu cha jikoni. Tazameni ukingo wake kabla halijapozwa: likigeuka rangi ya majani makavu limefika kama nyuzi 230, likifika bluu ni kama nyuzi 300, na hapo ule ukomavu alioupa mfua chuma umeondoka. Makali ya bluu ni makali yaliyokufa. Kwa hiyo ndoo ya maji ikae karibu, gusisha muda wa kuhesabu tatu, chovya, gusisha tena. Na mimi kwa maoni yangu, jembe na panga havihitaji grenda isipokuwa pale yamepata mapengo kwa mawe ya mlimani. Tupa ya mkono inatosha, inachukua muda wa hadithi moja, haiunguzi, na haili umeme wa ushirika. Kisu cha kubebeshea parachichi kisiguse umeme kabisa, hicho ni cha jiwe la mafuta.

Mabati ya kuezekea yasikatwe kwa grenda. Yana zinki juu, ikiungua moshi wake unaleta homa na baridi ya usiku, na cheche zinachoma rangi, mwaka unaofuata kutu limeingia pale pale. Mkasi wa bati upo, umetundikwa.

Mawe yetu haya meusi ya volkano, wanaojenga misingi wanapenda kuja kuuliza kama tunaweza kuyakata. Kabaidi ya tungsteni isiguswe kwenye jiwe, itaisha kabla ya jiwe. Kwa kazi hiyo liko jiwe la C, na bora zaidi ni sahani yenye almasi ukingoni, ambayo bado hatuna. Ukikata vigae au zege, mwagia maji kidogo kidogo, maana vumbi lake likiingia kifuani halitoki, linakausha mapafu. Lakini grenda yetu siyo ya kazi ya maji, ina umeme, kwa hiyo maji yanamwagwa juu ya kigae kabla ya kukata, si wakati inazunguka mkononi mwako. Mkishindwa, funikeni pua, na kateni nje, upepo ukiwa mgongoni.

Miwani tunazo mbili. Atakayesimama kutazama naye asimame nyuma ya mwenye grenda, siyo mbele yake ati apate kuona vizuri. Akina mama wenye kanga begani na wazee wenye mashali, tafadhalini mbali. Zile nyuzi za tupa ya kabaidi zisipulizwe kwa mdomo wala kufutwa kwa kiganja, zinaingia kwenye ngozi na hazionekani. Brashi ipo.

Na kuna jambo la ng'ombe. Tumezoea kufagia karakana na kumwaga nje, na hapo nje ndipo watoto wanapokatia majani ya ng'ombe wa ndani. Kipande cha waya au msumari kikimezwa na ng'ombe kinakaa tumboni, kinatoboa, kinaelekea moyoni. Ng'ombe anaacha kula, maziwa yanakauka, mnaita mganga wa mifugo naye haoni kitu kwa nje. Ng'ombe mmoja wa maziwa ni ada ya shule ya watoto wa nyumba nzima. Kwa hiyo ile sumaku ya spika imefungwa kwenye kijiti, kila jioni inapitishwa sakafuni na hapo mlangoni, vinavyoshikwa vinatiwa kwenye kopo. Alumini haishikwi na sumaku, hiyo ifagiliwe kwa mkono.

Mwenyekiti ameanza kunitazama koti.

Jumatano jioni, baada ya kutoka shambani, darasa la kisomo litafanyika hapa karakanani badala ya shuleni. Mwalimu ataleta mawe yote tuliyo nayo na tupa zote zilizobaki, na kila mwanakisomo atachukua moja na kusoma kwa sauti kilichoandikwa juu yake: herufi, namba, mwaka. Yaliyopita muda yatavunjwa kwa nyundo mbele ya mkutano ili yasirudi kwa mlango wa nyuma. Mwenye kifaa cha kutengeneza akilete siku hiyo hiyo, lakini kabla hakijawashiwa mashine atakipima mwenyewe kwa sumaku na kutuambia ni cha nini. Tupa mbili za meno mapana kwa ajili ya alumini nitazinunua kwa fedha yangu, kwa kuwa kosa lilikuwa langu, na risiti nitaibandika hapa chini ya karatasi hii.

Keni ya mama yule imekwisha tengenezwa, haivuji. Aje aichukue, na asilete kitu.